Nakala kwa Mkubwa

Ndugu msomaji, kama wafanya kazi ya ofisini basi haya nitakayoyasema wayajua. Waingia asubuhi, hujavuta kiti, chai hujaionja, wafungua kompyuta na kukuta barua pepe 37. Ishirini hazikuhusu hata chembe. Kumi zina neno moja tu, "Asante", nawe hujui anayeshukuriwa ni nani wala kwa lipi. Sita ni za mtu asiyelala, aliyekaa saa saba za usiku akikumbusha jambo la wiki ijayo. Imebaki moja, na hiyo ni ya jirani yako wa meza ya pili. Mmekutana sasa hivi mlangoni, mkapeana mikono, mkaulizana hali za watoto. Hakukwambia kitu. Kumbe jana jioni alikuandikia kwamba kazi yako ina kasoro, na nakala akampelekea mkubwa.

Hizo nyingine ni karaha, na karaha huzoeleka. Hii ya mwisho ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, na mbele huko nitaeleza kwa nini nina deni nayo.

Jina lenyewe, barua pepe, ni jina zuri. Aliyelibuni aliutazama upepo akaona ndio mjumbe mwepesi kuliko wote. Lakini sisi tuliokulia karibu na kinu na ungo twaijua pepe nyingine: ile punje ya mpunga isiyo na kiini, ambayo mama akipepeta hupeperuka na makapi ikaangukia kuku, nao kuku wakaidonoa na kuiacha. Kila nikifungua kompyuta asubuhi huikumbuka hiyo pepe ya pili.

Mimi barua nilifundishwa chuoni kabla ya kufundishwa skuli. Mwalimu wetu, Mungu amrehemu, alikuwa akituchagua wale wenye khati ya kusomeka, na baada ya darasa la Kurani hutupeleka kwa akina mama wa mtaani waliokuwa na waume zao Arabuni. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mama hukaa kitako, akasema analotaka kusema, nasi tukaandika kwa harufu za Kiarabu, maneno ya Kiswahili. Mpango wake ulikuwa mmoja. Kwanza jina la Mungu. Kisha jina la mwandikiwa pamoja na heshima zake. Kisha salamu, kisha hali zetu sisi huku, kisha "ama baada ya hayo", hapo ndipo haja ilipoingia. Mwisho ni salamu za watu wa nyumbani, mmoja mmoja kwa jina, na wasalaam. Mpango huo haukuzuliwa na mwalimu wangu. Mjerumani C. G. Büttner alipopiga chapa maandishi ya Waswahili mjini Berlin mwaka 1892, barua zilizomo zina sura hiyo hiyo.

Wala sisemi kwamba zilikuwa hazina ila. Nyingine salamu zilikuwa ndefu hata haja ikakosa pahali, ikabidi iandikwe ubavuni mwa karatasi, na yule bwana kule Maskati alikuwa akisoma huku akiizungusha karatasi kama usukani ili aone kwamba kilichotakiwa ni fedha za kuezekea paa. Mkubwa wa ofisi ya leo hawezi kungoja hivyo, na haki anayo. Lakini barua ile ilijua yaandikiwa nani. Mama alikuwa akisema na mumewe, wala hakuwa akisema na mumewe ili shemeji yake asikie.

Sasa nataka twende kwenye zile herufi mbili, Cc, zilizo juu ya kila barua pepe. Zimefupisha maneno ya Kiingereza yenye maana ya nakala ya kaboni. Vijana waliozaliwa juzi hawajaiona karatasi ya kaboni, basi niwaeleze. Ilikuwa karatasi nyembamba, nyeusi au ya buluu, yenye kuchafua vidole. Karani wa taipu aliitia baina ya karatasi mbili nyeupe, akapiga mashine kwa nguvu, herufi zikajichapa na chini. Akitaka nakala tatu, alitia kaboni tatu. Nakala ya kwanza ilikuwa nzuri, ya pili yafaa, ya tatu yataka mwangaza, na ya tano hata aliyeiandika hawezi kuisoma. Kwa hivyo mtu alifikiri kabla ya kuandika "Nakala kwa" chini ya barua yake. Kulikuwa na gharama: karatasi, wino, vidole vya karani, na nuna yake.

Gharama hiyo imeondoka. Mwaka 2009 zilipofika Mombasa zile waya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, mambo ya intaneti yalipata mbio ambazo hatukuzijua wakati wa kutegemea setilaiti. Leo kuongeza majina kumi katika barua hakumgharimu mtu hata pumzi, na kitu kisicho na gharama hakifikiriwi.

Tena upande wa chini yake kuna nakala ya siri, ambayo mwandikiwa haioni. Hiyo ni kumweka mtu nyuma ya pazia asikilize mazungumzo. Nimewahi kuona yule wa nyuma ya pazia akijisahau, akabonyeza pale pa kuwajibu wote, akatokea kati ya watu. Alikuwa kama mwizi aliyelala uvunguni akapiga chafya. Ofisi nzima ilikaa kimya, na kwa wiki mbili hakuna aliyemwamini mwenziwe.

Khabari ya kuwajibu wote ina visa vyake duniani. Mwaka 1997 katika kampuni ya Microsoft mtu mmoja aligundua kwamba jina lake limo katika orodha asiyoijua, orodha yenye majina yapatayo 13,000. Akawaandikia wote aondolewe. Wengine wakawaandikia wote kwamba wao pia waondolewe. Wengine wakawaandikia wote kuwaambia wasiwaandikie wote. Mitambo ya watu wanaotengeneza mitambo ikaelemewa. Tarehe 14 Novemba 2016 yakawa yayo hayo katika huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, NHS: barua ya kujaribu tu iliwafikia wafanyakazi zaidi ya 800,000, na waliojibu kulalamika ndio walioifanya balaa kuwa balaa. Mwaka 2020 Microsoft waliweka kizuizi: majibu kumi yakienda kwa orodha ya watu zaidi ya 5,000 katika muda wa saa moja, mlango hufungwa kwa saa kadhaa mpaka watu wapoe. Yaani mashine imebidi ifanye kazi ya mtu mzima, kuamua ugomvi wa watoto.

Hata hivyo si kila lenye kuudhi ni baya. Katika ofisi moja niliyofanyia kazi, mwenzetu alifiwa na mamake. Aliyetutangazia alifungua barua ya zamani iliyokuwa karibu, akaandika tanzia humo humo, kwa hivyo msiba ule ulitufikia chini ya kichwa kisemacho "Bajeti ya wino, robo ya tatu". Hilo lilikuwa kosa, na kosa la uvivu. Kisha tukaanza kujibu, mmoja baada ya mmoja, kwa wote: poleni, poleni, Mungu amweke pema. Barua zilipita arubaini. Kijana mmoja wa hesabu, aliyesomea mambo ya uongozi, akanung'unika kwamba pole yapasa apelekewe mfiwa peke yake. Mimi nikamwambia la. Pole kwetu haisemwi chemba. Mfiwa ataka kuona nani amekuja, na waliokuja wataka kuonana. Karaha ya siku ile haikuwa zile pole arubaini. Ilikuwa barua ya arubaini na moja, ya mkuu wa idara, iliyosema: "Poleni sana. Je, ile bajeti imefika wapi?"

Na lugha nayo! Waingereza wana herufi tatu, FYI, wanazozitia juu ya barua wanapompelekea mtu jambo alijue, basi. Wakalimani wetu wakazitia Kiswahilini kama "kwa taarifa yako". Haikuwapitikia kuuliza watu wa pwani. Mji wa Kale, mwanamke akikwambia "kwa taarifa yako", jua leso keshajifunga kibwebwe, na hatua inayofuata ni kutajiwa ukoo. Nikaja kuona kwamba wafasiri hawakukosea sana. Barua nyingi za ofisini zenye herufi hizo ni vijembe. Kadhalika ile "kama nilivyokwisha kueleza katika barua yangu iliyotangulia", na ile "nakukumbusha kwa upole". Hakuna aliyewahi kukumbushwa kwa upole na mtu aliyeandika neno upole. Mabibi zetu walikuwa wakirushiana maneno kwa leso, lakini leso ile angalau ilikuwa na rangi nzuri, na ikishafuliwa mara ishirini maneno yalififia. Barua pepe haififii.

Niliyosema juu ya mtu wa saa saba za usiku nisiyakalie sana, maana wengine wameyasemea. Ufaransa wana sheria tangu tarehe 1 Januari 2017 yenye kuzitaka kampuni za wafanyakazi 50 na zaidi zipatane nao juu ya haki ya kufunga simu baada ya kazi. Hapa kwetu, mwaka 2022 Seneta wa Nandi, Samson Cherargei, alileta mswada wa kurekebisha Sheria ya Ajira kwa shabaha hiyo hiyo, waajiri wakaupinga. Mimi ninalouliza ni dogo: yule aandikaye usiku wa manane, kazi yaungua, au ataka asubuhi ionekane kwamba alikuwa macho?

Hapo ndipo ninapofikia kiini cha mambo. Nimezitazama karaha hizi moja moja, na chini ya nyingi nimekuta kitu kimoja: khofu. Anayempa nakala mkubwa aogopa asije akaambiwa hakusema. Anayejibu "Asante" kwa watu thelathini aogopa asije akadhaniwa hakusoma. Atumaye barua, kisha akapiga simu kuuliza kama imefika, kisha akaja kwa miguu kuuliza kama simu imesikika, huyo ajitengenezea mashahidi watatu. Barua ya mama mtaani kwetu ilikuwa mazungumzo. Barua ya ofisini imekuwa ushahidi, na kila aketiye mbele ya kompyuta aandika kana kwamba hakimu amemsimamia begani.

Wala khofu hiyo si ya uwongo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri, akimfukuza mtu kazi kwa kosa au kwa kutoiweza kazi, athibitishe sababu yake, na kabla ya hapo amweleze mfanyakazi na kumsikiliza, mwenziwe au mtu wa chama akiwapo. Ni sheria njema, iliyowekwa kumhifadhi mnyonge asifukuzwe kwa kelele za mkubwa mmoja. Lakini kwa kuwa sababu yataka ushahidi, wakubwa wamejifunza kukusanya. Sheria ya Ushahidi nayo yazikubali kumbukumbu za elektroniki ikiwa masharti yake yametimia. Basi kila barua pepe yenye malalamiko na nakala kwa ofisi ya utumishi ni tofali moja. Leo tofali, mwezi ujao tofali, na siku mtu atakapoitwa ndani atakuta ukuta umekwisha. Aliyeleta tofali huenda hakujua ajenga nini.

Mimi nilileta tofali moja.

Yapata miaka mitatu sasa. Nilikuwa nikitengeneza ukurasa wa mashairi, na kijana mmoja, aliyekuwa kwenye mkataba wa mwaka mmoja, ndiye aliyekuwa akipanga kurasa. Meza yake na yangu hazikupita hatua saba. Asubuhi moja mzee mmoja mshairi alinipigia simu kutoka visiwani. Utungo wake ulikuwa umetoka, lakini beti mbili hazikuwa na mshororo wa mwisho. Ndugu msomaji, kama hujui mashairi, mshororo wa mwisho ndio uliobeba ubeti. Ukiukata, uliobaki ni mlango usio na komeo. Mzee hakugomba. Alisema tu, "Mwanangu, mumenikata ulimi mbele za watu," akanyamaza, nikasikia pumzi zake.

Haya ilinivaa. Na mtu akivaliwa na haya hutafuta wa kumvisha. Sikuinuka nikaenda hatua saba. Niliketi nikaandika barua pepe. Niliandika Kiingereza, kwani Kiswahili changu kingenisuta. Nikasema kwamba huu ni uzembe, kwamba si mara ya kwanza, jambo ambalo halikuwa kweli, na kwamba jina la gazeti limeingia aibuni. Pale pa mwandikiwa nikaweka jina la kijana. Pale pa nakala nikaweka la mhariri mkuu na la mkuu wa utumishi. Nikibonyeza, nilijua vizuri naandikia nani. Yule kijana alikuwa anwani tu.

Nilimwona akiisoma. Nilikuwa nyuma yake, niliona shingo yake ikikaza. Hakugeuka. Baada ya kitambo likaja jibu, kwa sote watatu: "Nimeona. Samahani, Ustadh."

Mwaka ulipokwisha mkataba wake haukuendelezwa. Nilisikia baadaye kwamba katika faili lake mlikuwa na karatasi tatu zilizopigwa chapa, na moja ilikuwa yangu. Aliondoka siku ambayo sikuwapo, na sikumtafuta.

Miezi minane ikapita. Siku moja natafuta utungo mwingine wa mzee yule yule, nikafungua barua niliyomtumia kijana siku zile. Nikauona utungo kama nilivyoupeleka kwa mkono wangu. Beti mbili hazikuwa na mshororo wa mwisho. Mzee alikuwa amenitumia kwa simu vipande vipande, nami nilipokuwa nikivihamisha nikaangusha viwili. Kijana alipanga alichopewa.

Wallahi nilikaa pale mpaka taa za ofisi zikazimwa.

Ningeweza kumwandikia kwa siri, na hilo ndilo lililonijia kwanza. Lakini mwalimu wetu chuoni alitufundisha kwamba ukimvunjia mtu heshima sokoni, usiende kumtaka radhi uani kwake. Kwa hivyo niliandika, Kiswahili safari hii, nikaanza na salamu, nikaeleza kosa na mwenye kosa, nikaambatisha ile barua ya kwanza ionekane. Pale pa nakala nikawarejesha wale wale wawili. Ilinichukua siku tatu kuandika aya nne. Sijui barua nyingine niliyoona uzito wake vidoleni kama wakati wa kaboni.

Mhariri mkuu hakujibu. Mkuu wa utumishi alijibu neno moja: "Imepokelewa."

Kijana alijibu baada ya wiki. Alianza na salamu, kamili mpaka barakatuh. Akaniarifu kwamba hajambo, kwamba amepata kazi ya kutengeneza vitabu kwa mchapishaji mdogo, na mshahara si mbaya. Ama baada ya hayo, akasema, "Lile kosa nililiona siku ile ile, Ustadh. Barua yako ya kwanza ilikuwa mbele yangu. Sikuona vyema kukujibu mbele ya wakubwa na wewe una umri wa baba yangu." Chini yake akaandika kwamba mamake anisalimu, na dadake, na kwamba ule utungo wa mzee, kama bado haujatolewa upya ukiwa kamili, yeye anao, aliutafuta kwa mwenyewe akauandika wote.

Nikaangalia pale pa nakala. Hakuweka mtu.